Shangazi wa Ukili Anajibu: Hela Imeingia, Lakini Kamba Kaishika Nani?

Tangu toleo lile nilipoeleza namna ya kuviringisha mkeka usipate mikunjo njiani, barua zenu zimegeuka. Habari ya kufunga mzigo mmeielewa, sasa mnataka habari ya kulipwa. Nimechagua barua tano. Majina nimeyaficha, miji nimeiacha.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nasuka ukili na kuuza mikeka na makawa hapa Ngamiani, Tanga, tangu macho ya mama yangu yalipochoka. Sikusomea mambo ya benki. Niliyoyajua mengi nimeyajua kwa kuibiwa.

Shangazi, shikamoo. Mimi nashona kofia za mkono, zile za viua, hapa Unguja. Kofia moja nzuri hunichukua wiki sita, kwa sababu nashona baada ya kupika na kulaza watoto. Wateja wangu ni wa hapa hapa na wachache wa Maskati. Wiki iliyopita kaniandikia mtu kwenye WhatsApp, anasema yuko London, anataka kofia kumi za harusi. Nimemtajia paundi 400 kwa zote, hakupunguza hata senti. Kasema atalipa paundi 1,500: mia nne zangu, 1,100 nimpelekee wakala wa mizigo atakayekuja kuzichukua, kwani wakala hapokei kadi. Jana imeingia barua pepe ya kampuni kubwa ya malipo, ina nembo na kila kitu, inasema fedha zimefika ila zimezuiwa mpaka nitume risiti ya kumlipa wakala. Kofia ninazo tatu, na wenzangu wana saba. Mume wangu anasema tukope kwenye kikoba tumlipe wakala, hela ikifunguliwa turudishe. Nifanyeje? — Mshona Kofia, Unguja

Marahaba mwanangu. Msikope. Mwite baba watoto, msomee neno hilo, kisha mrudi hapa nyote wawili.

Hakuna paundi 1,500. Hakuna wakala. Na barua pepe hiyo haikutoka kwenye kampuni yoyote ya malipo, imetoka kwa huyo huyo bwana harusi. Unaikumbuka ile meseji iliyotusumbua nchi nzima, "ile hela itume kwenye namba hii"? Hii ni binamu yake, kasoma Ulaya. Ile ya kwetu inakuomba hela moja kwa moja. Hii inakupa kwanza hela ya kuandikwa, kisha inakuomba urudishe chenji ya hela ya kweli. Ukimpelekea wakala 1,100 zako, wakala ni yeye.

Lakini mimi ningemshuku kabla ya hapo. Umeniandikia kurasa mbili, na popote humo huyo mtu hajauliza kipimo cha kichwa. Kofia kumi za harusi, vichwa kumi, na hakuna anayetaka kujua kama ni inchi 22 au 23? Mteja wako wa Maskati, nina hakika, anakuuliza kipimo kabla hata ya salamu haijapoa, halafu anataka picha ya viua kwa karibu, halafu analalamika bei, halafu ananyamaza siku nne, halafu anarudi. Huyo ndiye mteja. Anayetaka mali huisumbukia mali. Anayetaka hela yako husumbukia malipo tu: yatalipwaje, wakala atakuja lini, umetuma risiti au hujatuma.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika mbili. Usibonyeze kiungo chochote ndani ya barua ile. Fungua mwenyewe programu ya hiyo kampuni kwenye simu yako, kwa neno lako la siri, uangalie salio. Kama huna hata akaunti nao, basi walikuwekea wapi hiyo hela? Hakuna kampuni ya malipo inayozuia fedha zako mpaka kwanza umlipe mtu wa tatu. Hundi nayo, nikishaitaja chenji, ni mchezo huo huo: mtu anakutumia hundi kubwa kuliko bei, benki inaonyesha kiasi kwenye akaunti, unarudisha ziada, na wiki kadhaa baadaye hundi inagonga mwamba na benki inakudai wewe.

Sasa nikueleze jambo ambalo ningependa wote walioniandikia walisome hapa, maana sitalirudia lote kila barua.

Mwaka 2012 niliuza mikeka 14 kwa mteja wa Ulaya. Akanitumia picha ya risiti ya kutuma fedha, na juu yake ile namba ya tarakimu kumi unayoitaja dirishani upewe hela. Ilikuwa Jumamosi alasiri, dirisha limefungwa. Mbebaji wake alikuwa anaondoka Jumapili. Nikaiangalia ile risiti, ya kweli kabisa, nikampa mbebaji mikeka. Jumatatu asubuhi nikaenda na kitambulisho changu, kijana akabofya, akanitazama kwa huruma. Mtumaji alikuwa ameifuta jana yake. Risiti haikuwa ya kughushi hata kidogo. Hela ilitumwa kweli, ila ilikuwa bado yake mpaka mimi niichukue, na hakuna aliyenifundisha hivyo. Nusu ya mikeka ile ilikuwa ya kina mama wa Pangani. Niliwalipa kwa miezi minane.

Tangu hapo malipo ya mbali nayaona kama mbuzi aliyeletwa na kamba shingoni. Mbuzi yuko kwako, anakula majani yako, lakini ncha ya pili ya kamba iko mkononi mwa nani? Na ni ndefu kiasi gani? Mteja akikwambia "nimeshalipa," swali lako liwe hilo tu: bado anaweza kuivuta?

Fedha za kuchukulia dirishani zina kamba mpaka utakapozihesabu mkononi. Za kuingia kwenye simu kutoka nje, kwa WorldRemit au Sendwave na wenzao, zikishaonekana kwenye salio lako, kamba imekatika kwa mambo mengi. Malipo ya kadi na ya PayPal, ile kampuni ya kulipana mtandaoni, yana kamba ndefu kuliko zote: mnunuzi wa PayPal anazo siku 180 za kulalamika, na kampuni inaweza kuzirudisha fedha kwake ukishindwa kuonyesha kwamba mzigo ulifika. Sisemi usiyapokee. Wenzetu wa Kenya tangu 2018 wanatoa fedha za PayPal kupitia M-Pesa, na wapo wanaokula humo. Nasema ujue urefu wa kamba. Na kabla hujampa mtu anwani yako ya PayPal, hakikisha akaunti iliyofunguliwa nchini kwako inaruhusu kupokea na kutoa, maana kulipa peke yake hakukusaidii wewe muuzaji.

Tena hapa ndipo watu wa visiwani mnapoumia. Mmezoea kutuma kwa msafiri. Fulani anakwenda Maskati Alhamisi, mpe mfuko. Kwa mteja aliyekwisha kulipa fedha zisizo na kamba, msafiri ni baraka, na Posta wanisamehe. Kwa mteja aliyelipa kwa PayPal, msafiri ni maangamizi, kwa sababu siku akisema hajapata kofia, utaonyesha nini? Picha ya shemeji yako akiwa uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume na begi? Wanataka namba ya kufuatilia mzigo, kama ile ya EMS, huduma ya haraka ya Posta: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Na mzigo uwe umekwenda kwenye anwani ile ile iliyoandikwa kwenye muamala. Mteja akilipa halafu akaandika "badilisha, peleka kwa binamu yangu," mrudishie fedha kupitia njia ile ile zilikotoka na muanze upya.

Kwa mteja wa kweli wa Maskati, fanya wanavyofanya wakubwa zako: arbuni. Nusu aitume kabla hujatia uzi sindanoni, aende duka la fedha la kwao, aitume kwenye simu yako, uione kwenye salio. Siyo kwenye meseji, kwenye salio. Kofia ikiisha, ipige picha ikiwa na karatasi yenye jina lake na tarehe, mtumie. Akilipa nusu ya pili, ndipo iende. Kama uchumba ulivyo na kishika uchumba, kofia nayo ina chake, na mtu wa Maskati hatakushangaa, neno lenyewe wao ndio waliotupa. Anayekasirika kuombwa arbuni alikuwa anakuja kukurubuni.

Wale wenzako wenye kofia saba uwaambie leo. Huyo bwana akikukosa wewe atawatafuta wao, kwa harusi nyingine.

Shikamoo Shangazi. Sisi ni kikundi cha akina mama 19, Iringa vijijini, tunasuka vikapu vya milulu. Duka moja la Ujerumani limetuagiza vikapu 200. Wameandika barua nzuri, walikuja hata kututembelea mwaka jana. Wanataka kulipa siku 30 baada ya kupokea mzigo. Tukihesabu safari ya meli, ni kama miezi mitatu. Mwenyekiti anasema tukubali, Wajerumani hawadhulumu. Katibu, yaani mimi, naogopa. — Katibu Mwoga

Marahaba katibu, na huo si woga. Kama Wajerumani wanadhulumu au hawadhulumu, mwachieni Mungu. Ninachokiona mimi ni kwamba mkata milulu bondeni anataka chake siku hiyo hiyo, na mwenye rangi dukani hali kadhalika. Hao hawakai siku 30. Kwa hiyo vikapu 200 mtavisuka kwa mkopo wa nani? Wa kwenu wenyewe. Duka la Ujerumani litakuwa limekopeshwa na akina mama 19 wa Iringa, bila riba. Mwambie mwenyekiti alitazame upande huo.

Ombeni nusu kabla ya kuanza. Msione haya. Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, limeliandika hili kwenye kanuni zake: mnunuzi wa kazi za mikono akiombwa, atangulize asilimia 50 angalau, bila riba. Kama duka lenu linajinadi kwa jina la biashara ya haki, na nahisi ndivyo kwa kuwa walikuja hadi kijijini kupiga picha, basi kanuni wanaijua kuliko nyinyi. Waandikieni sentensi moja tu yenye hilo. Wengi hukubali barua ya kwanza. Walisema siku 30 kwa sababu ndivyo wanavyowaambia wauzaji wao wote, na mara nyingi hakuna aliyewajibu.

Nusu iliyobaki ilipwe mzigo ukishapakiwa, kabla haujakabidhiwa kwao. Hapa kuna siri ambayo wakala wangu wa forodha alinieleza kwa chai mbili. Mzigo ukienda kwa meli, kampuni ya meli inatoa hati ya shehena, na mwenye hati halisi mkononi ndiye mwenye mzigo. Kwa hiyo unaweza kubaki na hati, ukawatumia nakala, wakalipa, ndipo hati halisi ikaenda, au ukaipitisha benki, benki yao ikawakabidhi wakishalipa. Mkilitaka hilo, mwambieni wakala mapema asikubali hati za kuachiliwa mzigo bila karatasi halisi. Ukienda kwa ndege mambo ni mengine: hati ya ndege haishiki mzigo, anayeandikwa kuwa mpokeaji huuchukua kwa kuonyesha kitambulisho. Kwa ndege, basi, nusu ya pili iingie kabla ndege haijapaa.

Fedha zitakuja benki kwa benki. Watahitaji jina la akaunti jinsi lilivyoandikwa benki, herufi kwa herufi, na msimbo wa SWIFT, yaani utambulisho wa benki yenu kwa malipo ya nje, wenye herufi na tarakimu nane au kumi na moja. Iwe akaunti ya kikundi yenye saini mbili au tatu. Isiwe simu ya mwenyekiti. Simsemi mwenyekiti wenu vibaya, lakini nimeona vikundi viwili hapa Tanga vikifa, na vyote vilikufa ndani ya simu ya mwenyekiti.

Waambieni pia kwenye fomu yao ya benki wachague OUR, maana yake makato yote juu yao. Wakichagua SHA, yaani kugawana makato, benki za katikati zitamega njiani, na mkiwa mmepiga hesabu ya kugawana kikapu kwa kikapu, ile pengo mtagombana nayo mpaka Krismasi. Wakiwatumia nakala ya SWIFT kwa picha, asanteni, lakini msipakie kitu kwa ajili ya picha. Karatasi hiyo hughushiwa kila siku. Nendeni benki mwulize zimeingia.

Na hili la mwisho kwenu ndilo linalonikosesha usingizi kwa vikundi vyenye wateja wazuri. Mwizi anaweza kuja kwa jina lenu. Anaingia kwenye barua pepe yenu, ambayo neno lake la siri nina hakika ni jina la kijiji na 123, anazisoma barua zenu kimya kwa wiki mbili. Siku mteja anayokaribia kulipa, anamwandikia: "Tumebadilisha benki, tuma huku." Mjerumani anatuma, kwa moyo mweupe. Fedha zimekwenda, vikapu mmekwisha kusuka, kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Leo hii mpigieni simu, kwa sauti, mwambieni: akaunti yetu haitabadilika kwa barua pepe kamwe, ukiona barua ya namna hiyo tupigie namba hii. Kisha mbadilishe neno la siri.

Shangazi, salamu kutoka Machakos. Nauza vyondo, wateja wengi ni wa Kisumu, Eldoret na Nairobi, natuma kwa basi. Mmoja alilipa shilingi 4,500 kwa M-Pesa, nikatuma, na kabla mzigo haujafika akataka pesa irudishwe eti alikosea namba. Sasa juzi mtu nisiyemjua ananipigia akilia kwamba ametuma 3,000 kwangu kimakosa, nimrudishie haraka mtoto yuko hospitali. Hawa watu wanatoka wapi? — Mama Kiondo

Wanatoka kwetu pia, mama, tunagawana.

Huyo anayelia, kwanza angalia salio, usiangalie meseji yake. Meseji ya kweli inaingia kwenye uzi wa M-PESA pamoja na zile zako zote za zamani, wala haitoki kwenye namba ya mtu. Kama hela haipo, umemaliza. Kama ipo kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie autume ule ujumbe wa muamala kwenye namba 456 ya Safaricom, wao waivute. Akiwa mkweli atapata hela yake na mtoto atatibiwa. Akiwa mwongo, na wewe ukamtumia kwa huruma, halafu yeye akaomba irudishwe rasmi, utakuwa umetoa mara mbili.

Yule wa 4,500 ni kamba fupi, ila ni kamba. Kabla ya kulipwa, andikeni kwenye WhatsApp: kiondo gani, rangi gani, bei, namba ya kulipia, naye ajibu "ndiyo." Akilipa, mwandikie "nimepokea 4,500 ya kiondo chekundu." Mtu aliyejibu ndiyo juu ya kiondo chekundu hawezi kusema alikosea namba. Risiti ya mzigo ya basi piga picha, lakini usimtumie mpaka hela imeshakaa kwako kwa usiku mmoja. Basi la kesho lipo.

Shangazi, mimi niko upande wa pili. Naishi Minneapolis, ni mtoto wa Masasi. Nilimtumia mchongaji wa Mtwara dola 600, zote, moja kwa moja kwenye simu yake, anichongee kinyago cha ujamaa cha mpingo. Miezi mitano sasa. Mwanzo alinijibu, "kazi inaendelea kaka," sasa simu haipokelewi. Mnatufundisha wateja ni wezi. Na sisi tuandikiwe kitu. — Mteja Aliyeliwa

Una haki, baba, na nakuomba radhi kwa niaba ya ukumbi huu.

Ulichomtumia hakikuwa na kamba hata unyuzi. Programu za kutuma hela nyumbani zimetengenezwa umtumie mama yako, ambaye hutamdai bidhaa. Zikishafika, zimefika. Kwangu mimi muuzaji ndiyo malipo matamu kuliko yote, na kwa sababu hiyo hiyo wewe hukupaswa kuzituma zote. Arbuni inawalinda wawili. Ungempa 200 anunue gogo na kula, akutumie picha ya gogo. 200 nyingine umbo likionekana, watu wa juu wamekwisha kushikana na wa chini. 200 za mwisho kikiwa kimepigwa msasa. Hapo akikimbia, anakimbia na theluthi.

Je, kakuibia? Miezi mitano kwa kinyago cha ujamaa cha maana si ajabu. Mpingo ni mgumu, na ukichongwa mbichi ukaletwa kwenye nyumba zenu za hita, utapasuka kabla ya Machi. Mchongaji mzuri anausubiri. Kimya ndicho kibaya. Nakushauri utafute mtu wa kwenu Masasi afunge safari hadi Mtwara, aende na salamu, asiende na polisi. Akikuta gogo limeanzwa, mpe moyo na muda. Akikuta hakuna gogo, jina la usajili la ile namba unalo kwenye risiti yako, na hapo polisi wana pa kuanzia.

Kikija, mambo mawili. Mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Vitu vilivyokamilika vyenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja havihitaji kibali cha mkataba, kwa hiyo mwambie asichanganye kinyago chako na vya rafiki zako watatu kwenye sanduku moja. Na ushuru: tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800. Kubalianeni kwa maandishi kwamba ushuru wa kwenu unalipa wewe. Wauzaji mnaosoma hapa, nanyi lishikeni hilo, maana mteja akishtukizwa na bili mlangoni, akaukataa mzigo, atakachofanya baadaye ni kudai hela yake kwenu. Sanduku litakuwa limekwama kwenye ghala la Chicago, na nauli ya kulirudisha Mtwara inazidi bei ya kinyago.

Shangazi, mimi nina swali dogo. Nashona mikoba ya kanga, Morogoro. Mdogo wa mume wangu yuko Dubai, anataka mitano awauzie wenzake kazini. Anasema atalipa akija likizo Desemba. Nimwambieje bila kuleta maneno? — Wifi Mtu

Mpelekee mmoja, uandike "zawadi." Mwambie ile minne inamsubiri hapa, kitambaa umeshachagua mwenyewe kwa ajili yake, na namba ya kulipia ni ile ile anayomtumia mama yake hela kila mwezi, kwa hiyo hana sababu ya kusema njia haijui. Akilipa ya mmoja, mmoja unakwenda. Usimdai kwa simu Desemba ikipita. Ukimdai shemeji, anayelipa ni mama mkwe, na huyo halipi kwa shilingi.